Usukani Ulitukalisha Mwanakwerekwe

Jumamosi ile mimi na mume wangu tulitoka Mjini kwenda Paje na Jimny yetu. Mwanakwerekwe tukapita shimo, usukani ukanitetemekea mikononi, haukutulia mpaka gari lilipokaribia kusimama.

"Balansi tu hiyo, twende!" Wiki ya tatu ananiambia hivyo! Nikagoma, tukaingia gereji ya jirani.

Fundi akauliza: "Latetemeka kwa spidi, au mkipita shimo?" Akafafanua: likitetemeka kwenye spidi fulani tu, anza na balansi ya matairi. Likianzia shimoni, tafuta kilicholegea: tairodi, beringi za kingpini, bushi. Dampa mpya ya usukani huficha tu ugonjwa.

Kupima kwataka watu wawili. "Dada, vuta hendibreki, washa, chezesha usukani kushoto kulia. Shemeji, lala chini utizame."

Akalala na shati lake jeupe! Akaiona mwenyewe: bushi ya rodi inayoizuia ekseli ya mbele isiyumbe pembeni imekwisha.

Akainuka, vumbi tele. "Samahani, ulisema."

Paje tulifika saa kumi jioni, lakini kwangu wikiendi ilianzia pale gereji. Je, wewe, mwenzio akisema kuna kitu kinatetemeka, unamsikiliza?