Vyama Huisha Kabla ya Fulana

Tangu mwaka wa 2002, hakuna rais wa Kenya ambaye ameshinda uchaguzi mara mbili kwa tiketi ya chama kimoja. Mwai Kibaki aliingia Ikulu na NARC, kisha mwaka wa 2007 akatetea kiti na PNU, chama kilichoundwa miezi michache tu kabla ya kura. Uhuru Kenyatta alishinda 2013 akiwa na TNA, na 2017 akiwa na Chama cha Jubilee. Naibu wake, William Ruto, akaja kivyake 2022 na UDA. Yaani sisi hubadilisha chama tawala kama mtu anayebadilisha laini ya simu kwa sababu anadaiwa na kila mtu.

Kama unataka kuona historia hii kwa macho, nenda Njoro ufungue kabati la shosho yangu. Fulana ya PNU ndiyo huvaa akienda kukama ng'ombe. Ile ya TNA yenye njiwa siku hizi ni ya kupigia deki. Kofia ya Jubilee ni ya kupalilia. Ya UDA yenye wilbaro bado iko fiti, hiyo huvaliwa akienda dukani. Kuna wakati nilimuuliza mbona hatupi hizo za zamani.

"Nitupe kwa nini?" akasema. "Chama ndicho kimeisha. Nguo bado."

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakitumii, na hakitupi: kadi yake ya KANU. Anaiweka pamoja na kitambulisho. Anasema zamani vijana wa chama walikuwa wanasimama kwenye lango la soko, na bila kadi hungeuza hata sukuma. Mimi nilizaliwa wakati watu walikuwa wameanza kuicheka KANU, kwa hivyo huwa ni vigumu kuelewa hofu hiyo. Shosho hacheki.

KANU ilishinda uchaguzi wa 1963. Mwaka uliofuata KADU ikajivunja na kuingia ndani yake. KPU ya Jaramogi Oginga Odinga ilianza 1966, ikapigwa marufuku 1969. Mwaka wa 1982 Bunge likabadilisha katiba kwa kuongeza kifungu cha 2A, KANU ikawa chama pekee kisheria. Mwaka wa 1988 watu walipanga foleni nyuma ya wagombea katika mchujo wa mlolongo, na kuna mahali ambapo foleni fupi ndiyo ilitangazwa mshindi.

Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, na wengi walidhani KANU imekwisha. Wapi! Mwaka wa 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Hesabu yake ni rahisi: karibu theluthi mbili ya wapiga kura walimkataa, lakini FORD ilikuwa imepasuka, na Matiba, Kibaki na Odinga wakagawana kura zao. Mwaka wa 1997 upinzani uligawanyika tena, Moi akashinda tena. Kilichoiangusha KANU mwaka wa 2002 hakikuwa hasira mpya ya mwananchi. Hasira ilikuwa pale pale miaka 10. Moi alipomchagua Uhuru awe mrithi, vigogo wa chama wakatoka wakaungana na upinzani, Raila Odinga akasema "Kibaki tosha", na Kibaki akapata asilimia 62.

Hapo ndipo ninapokwama. Sisi husema wananchi waliiondoa KANU, na ni kweli walipiga kura. Lakini angalia waliokuja baadaye: Kibaki alikuwa waziri wa KANU kwa miaka mingi. Uhuru ndiye aliyekuwa mgombea wake. Ruto alikuwa mbunge wake. Raila alikuwa katibu mkuu wake mwaka huo huo wa 2002. Utawala ulihama chama, na wenyewe wakahama nao. Jubilee ilikuwa na wabunge zaidi ya 160 baada ya uchaguzi wa 2017. Miaka mitano baadaye hawakufika 30.

Rafiki zangu huniambia, si hiyo ni afadhali kuliko chama kimoja? Ni afadhali, sibishi. Hakuna mtu ananiuliza kadi nikinunua nyanya. Lakini chama kinachokufa mapema kina faida moja kubwa kwa wenyewe: hakidaiwi. Mwaka wa 2013 Jubilee iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Leo ukitaka kuuliza, utabisha mlango gani? Kwenye KANU ulijua adui yako anaishi wapi. ODM imejaribu kudumu, tangu chungwa la kura ya maamuzi ya 2005, lakini tangu Raila afariki Oktoba 2025 hatujui kama kilikuwa chama au mtu.

Juni 2024 tulitoka barabarani tukisema hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi. Nilijivunia sana maneno hayo. Mswada wa Fedha ukaondolewa, na vijana waliuawa. Kisha, kabla msimu haujabadilika, watu wa ODM wakaingia kwenye baraza la mawaziri. Wao walikuwa na chama cha kukaa nacho mezani. Sisi tulikuwa na simu.

Kwa hivyo sasa ninaenda mikutano. Kuna kikundi cha vijana hapa mtaani kinachotaka kusajili chama. Sheria inataka wanachama 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani angalau kaunti 24. Juzi walijadili rangi kwa saa nzima, kisha nembo, kisha nani atasimama ugavana. Nikainua mkono nikauliza ni nani atalipa kodi ya ofisi mwaka wa 2028, uchaguzi ukiisha na tukiwa tumeshindwa.

Chumba kilinyamaza. Kisha dada mmoja aliyeketi karibu na mlango akatoa kalamu, akaandika jina lake na shilingi 200 kwa mwezi. Nikaandika langu chini ya lake. Tuko 11 mpaka sasa.