Nilimwita Mwizi Gatini

Nilimwita mama wa watu mwizi. Nilimwita hivyo gatini Mwanza, meli ya kutoka Nansio ikishusha abiria na makuli wakisikia. Alikuwa ameniuzia magunia mawili ya machungwa ya Ukerewe kwa ajili ya harusi niliyopewa kazi ya vinywaji. Msimu ulikuwa ndio kwanza unafunguka. Aliniambia, "Mwanangu, ngoja wiki mbili, bado hayajakaa sawa." Nikamjibu kwamba harusi haingoji machungwa.

Nilionja moja, lilikuwa tamu, lenye ukali kidogo tu. Usiku nikayamenya, nikayasaga kwenye blenda pamoja na nyuzi na kokwa zake ili nipate juisi nyingi, nikaijaza kwenye ndoo, nikaiweka kwenye friji. Kesho yake saa nne ilikuwa chungu kama shubiri. Nikaongeza sukari kilo baada ya kilo. Uchungu ukabaki palepale. Wageni walionja wakaweka glasi chini. Salio la yule mama sikulilipa. Nilijiridhisha kwamba alinichanganyia mabalungi.

Miezi ikapita ndipo mpwa wangu anayesomea kilimo akaniketisha. Ndani ya chungwa zima mna kiasili, yaani kemikali ya awali, kisicho na ladha. Ukilikamua, kiasili hicho hukutana na asidi ya maji yake na, kwa msaada wa kimeng'enya, hugeuka polepole kuwa limonini, ambayo ni chungu. Miligramu 6 hivi katika lita moja zinatosha ulimi kuikataa juisi. Kokwa zimejaa vitu hivyo, nami nilizisaga zote.

Mti wenyewe una namna ya kujitibu. Jeni yake moja hutoa kimeng'enya kinachokifunga kiasili hicho na sukari, na kikishafungwa hakigeuki tena kuwa kichungu. Lakini kazi hiyo hushika kasi tunda linapoiva. Muda alioniomba yule mama ndio muda ambao mti ulikuwa unauhitaji. Yeye hakuhitaji maabara kulijua hilo.

Na mabalungi niliyomsingizia? Uchungu wa balungi ni mwingine kabisa, wa naringini, na huusikia tangu kipande cha kwanza. Unatokana na jeni ya ukoo wa furungu inayoamua sukari zishikane vipi: zikishikana hivi, uchungu, zikishikana vile, hakuna ladha. Chungwa ni uzao wa furungu na chenza, ila ndani yake jeni hiyo haifanyi kazi. Angenichanganyia mabalungi, ulimi wangu ungenishtaki usiku uleule nikiwa bado namenya. Juisi iliyolala tamu ikaamka chungu ilikuwa ushahidi wa kumtetea, nami niliugeuza kuwa wa kumhukumu.

Nilivuka kwenda Ukerewe na salio lake mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kabla hajanitambua. Nilipiga magoti uani kwake nikamweleza yote, habari za limonini na za haraka yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akazihesabu fedha, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Na wale waliokusikia kule gatini, nao umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nawaambia sasa.