Nani Atashika Kisu

Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya kupata uraia wa Marekani, niliajiriwa kuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya serikali ya wanajeshi wastaafu. Wagonjwa wetu walikuwa wazee waliopigana Vita Vikuu vya Pili na vya Korea, na watu wazima waliorudi kutoka Vietnam. Magoti yao yalikuwa yamesagika, nyonga zimekauka, na kisukari na sigara vilikuwa vikimaliza miguu iliyonusurika risasi.

Waliowapasua, mara nyingi, walikuwa madaktari vijana wanaosomea ubingwa wa mifupa, masomo ya miaka 5 baada ya shahada ya udaktari. Walitoka chuo kikuu jirani, wakakaa kwetu miezi kadhaa, kisha wakahamia kwingine. Utaratibu huo ulianza Januari 1946, Jenerali Omar Bradley alipokuwa mkuu wa idara ya wanajeshi wastaafu. Wagonjwa walijaa na madaktari hawakutosha, ndipo hospitali hizo zikaunganishwa na vyuo vya udaktari. Paul Magnuson, mmoja wa waliousukuma mpango huo, mwenyewe alikuwa daktari wa mifupa.

Wapo waliolalamika kwamba askari wanafanywa watu wa kujifunzia. Lalamiko hilo sikulipuuza hata siku moja, maana mezani nilikuwapo.

Tuseme ni kubadilisha goti. Kijana amekwisha kukata ncha za mifupa kwa msumeno, na daktari bingwa amesimama upande wa pili, mikono kaikunja kifuani. Mimi nachanganya unga na maji ya saruji ya mfupa. Harufu yake kali inapenya barakoa. Naigusa kwa glovu: ikinata, bado. Ikiacha kunata nasema tayari, na hapo zimebaki dakika chache tu kabla haijawa jiwe. Kijana anaipaka, anagonga kiungo cha chuma, anakwangua iliyofurika pembeni, ananyoosha mguu na kuukandamiza. Bingwa hasemi neno. Kiungo kikikaa upande, mkono wake unaingia, unakiweka sawa, unatoka. Niliwaheshimu sana mabingwa wa namna hiyo. Kunyamaza kwao kulikuwa kazi, na mgonjwa hakuachwa peke yake na mwanafunzi hata dakika moja.

Lakini wagonjwa nao walifundisha. Mkongwe mmoja wa Vietnam, aliyevunjika kifundo cha mguu, alimwuliza kijana usiku wa kuamkia upasuaji: "Nani atashika kisu, wewe au profesa?" Nilikuwa nikikagua fomu ya ridhaa, nikainua uso. Kijana angeweza kuzungusha maneno. Akajibu: "Ni mimi, bwana. Yeye atakuwa mezani mwanzo hadi mwisho." Mkongwe akafikiri, kisha akasema sawa, ila ukimaliza uje mwenyewe uniambie mlichokuta, usimtume mtu.

Kesho yake baada ya upasuaji, saa 11 alfajiri, kijana alifika na filamu ya eksirei, akaiinua mbele ya taa ya kitandani na kumwonyesha bamba na skrubu moja moja. Mkongwe akataka kujua mbona ya chini kabisa ni fupi kuliko zingine. Akaelezwa kwamba hapo ikizidi urefu inatokeza ndani ya kiungo. Akaridhika, akauliza atakanyaga lini.