Mwenye Nyumba Asiye na Kauli

Wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango. Maneno haya aghalabu huambiwa kijana anayetaka kuoa kwa kutazama sura, lakini siku hizi yafaa aambiwe pia anayenunua nyumba hasa, katika haya maghorofa yaliyoota pwani yetu kutoka Likoni hadi Mtwapa. Mlango utauona ni wa mvule, vigae vinang'aa, na getini pana mlinzi. Swali ambalo wanunuzi wachache huliuliza ni hili: nikishalipa na kupewa ufunguo, ni nani atakayekuwa na kauli juu ya ngazi, maji, taka, taa, na fedha za kuviangalia hivyo vyote?

Kwa wasioujua utaratibu, nitaueleza. Jengo la fleti arobaini husimama juu ya kiwanja kimoja chenye hati moja. Kwa muda mrefu hapa Kenya, mnunuzi wa fleti hakupewa hati ya kiwanja hicho, bali hati ya kukodi ya miaka mingi, na pamoja nayo hisa moja katika kampuni ndogo iliyoundwa kwa ajili ya kulisimamia jengo. Kampuni hiyo ndiyo itozayo ada ya kila mwezi, iajiriyo walinzi na wafagiaji, itengenezayo pampu na lifti. Wakurugenzi wake wa kwanza huwa ni tajiri mjenzi na watu wake. Jambo hilo lina sababu, kwani jengo likiwa bado tupu, nani mwingine ataliangalia? Ahadi ni kwamba fleti ya mwisho ikishauzwa, kampuni na kiwanja watakabidhiwa wenye nyumba, nao wachaguane wenyewe kwa wenyewe.

Mambo huharibikia kwenye neno hilo, "ya mwisho". Sisi tulihamia jengo letu, ng'ambo ya daraja la Nyali, mwaka 2014. Kufikia mwaka 2017 fleti thelathini na nane zilikuwa zimeuzwa. Mbili tajiri amejiwekea, huzikodisha kwa wageni. Maadamu hazijauzwa, ya mwisho haijauzwa. Na maadamu ya mwisho haijauzwa, yeye ndiye mwenyeji na sisi ndio wageni.

Watu wa Mombasa hatuanzi leo kumiliki nyumba bila ardhi. Katika mitaa kama Majengo, babu zetu walijenga nyumba za Kiswahili juu ya viwanja vya watu wengine, wakalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Ukuta wako, mchanga wa mwenzio. Utaratibu ule ulikuwa na dhiki zake. Lakini aliyejenga pale alijua tangu siku ya kwanza kwamba ardhi si yake. Sisi tumelipa bei ya mwenye mali, tukapata kauli ya mpangaji.

Ada tuliyoanza nayo ilikuwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Mwaka 2022 ilifika 9,500. Hakuna aliyegombana kwa sababu ya kupanda peke yake, kwani dizeli ya jenereta imepanda, na mlinzi naye ana watoto. Tulichoomba ni karatasi moja tu: kilichoingia na kilichotoka. Hatukupewa. Tukaja kujua kwamba kampuni ya walinzi ni ya shemeji yake tajiri, na kwamba zile fleti zake mbili hazijapata kulipa ada hata mwezi mmoja. Kisha pampu ikafa katikati ya Ramadhani, tukaambiwa hakuna akiba, na watu waliolipa kila mwezi wakafuturu kwa maji ya mkokoteni.

Mkutano ukaitwa. Meneja, kijana mwenye adabu zake, akatuambia, "Wazee wangu, mimi ni mtu wa kutumwa. Mkataba mlitia saini." Akasimama jirani yetu mmoja, karani wa zamani wa bandarini, akamjibu, "Mwanangu, tulitia saini ya kununua nyumba. Ya kufumbwa macho hatukutia." Tukanyosha mikono thelathini na mitano tukitaka mkaguzi wa hesabu. Tukaarifiwa kwamba mikono yetu ni ushauri. Uamuzi ni wa wakurugenzi watatu.

Hapo ndipo ujirani wetu ulipofikiwa na mtihani. Vijana wakasema, tusilipe hata senti mpaka hesabu ije. Hoja yao ilikuwa nzito, na baadhi wakaanza. Tajiri akaamrisha wenye madeni wakatiwe maji. Miongoni mwa waliokatiwa alikuwamo bibi mmoja mjane wa ghorofa ya chini, ambaye hakuwa ameingia mgomo wowote; mkono wake tu ulikuwa haufiki. Jioni ile ile jirani yake akapitisha mpira wa maji dirishani hadi jikoni kwake. Ulikaa pale siku kumi na moja.

Mpira ule ulitufunza zaidi ya mkutano. Tuliona kwamba ada hii, ijapokuwa yashikwa na mtu mmoja, ndani yake mna mshahara wa mlinzi asiye na kosa na maji ya jirani asiye na uwezo. Dhuluma ya mwenzio haikufungulii mlango wa kudhulumu wa tatu. Lakini tuliona pia kwamba kunyamaza si subira. Basi tukakubaliana: kila mtu alipe, achukue risiti, na kila risiti ifuatwe na barua ya kudai hesabu. Bibi yetu tukamchangia. Wakili tukamlipa kwa mchango, kila nyumba kwa kadiri yake.

Wakili alitufahamisha jambo ambalo kila mwenye fleti nchini Kenya yampasa alijue. Tarehe 28 Desemba 2020 ilianza kutumika sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo, ikaifuta ile ya mwaka 1987. Kwa sheria hii, kila fleti yaweza kuwa na hati yake yenyewe, pamoja na fungu lake katika sehemu za shirika, na wenye nyumba wote kwa jumla huwa ndicho chombo cha kuliendesha jengo. Hati za zamani za kukodi ziliamrishwa zigeuzwe katika muda wa miaka miwili. Jengo letu lilipitwa na muda huo, kwa sababu hati mama imo sandukuni mwa tajiri. Ndugu zetu wa Tanzania Bara nao wana sheria yao tangu mwaka 2008. Na huko Marekani, ambako vyama vya namna hii vimeenea mno na kilio chake ni hiki hiki, jimbo la Florida limeweka kikomo: nyumba tisini katika kila mia zikishauzwa, basi baada ya miezi mitatu wenye nyumba wana haki ya kuchagua walio wengi katika halmashauri. Hawangoji ya mwisho.

Baada ya barua ya wakili na saini za watu thelathini na mmoja, tulipewa hesabu za mwaka 2023. Shemeji ameondoka na walinzi wake, na ada imeteremka hadi 8,000. Hati bado hatujaipata.

Pwani yetu yamjua mutawalli wa wakfu. Awe ni mtoto wa aliyeuweka, awe ni mtu mwenye cheo, mali ile si yake. Ni amana mkononi mwake, na ataulizwa. Ashikaye fedha za ngazi na maji ya watu arobaini hana hadhi nyingine. Kuwa yeye ndiye aliyejenga hakumtoi katika amana, kwa kuwa alichojenga amekwisha kukiuza na bei yake ameila.

Nawe msomaji unayejikusanyia cha kununulia, kabla hujatoa arbuni uliza matatu, na majibu yawe kwa maandishi. Hati itakuwa ya nani? Kampuni itakabidhiwa lini, kwa tarehe na si kwa "fleti ya mwisho"? Na fleti ambazo hajaziuza, je, atazilipia ada kama wengine? Muuzaji mwema hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, umekwisha jibiwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza amana, na wenye kuidai kwa njia ya haki. Amin.