Je, Fizike Inasema Hatujui Kitu?

Tulipofika kwenye kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927, ile ya kukosa uhakika, mwenzetu mmoja wa kalasi alisema: "Munaona? Hata wale wakubwa hawajue kitu. Sasa tunasoma ya nini?" Wengi waliitika. Mimi sikukubali, njo maana ninaandika.

Tuchukue gitaa. Uzi mmoja unatetemeka mara 110 kwa sekunde, wa pili mara 111. Ukizipiga pamoja na kuzizima baada ya robo ya sekunde, hata kiongozi wa kwaya hatazitofautisha. Ukiziacha zilie, sauti inapanda na kushuka mara moja kila sekunde, na pale utajua hazipatani. Sikio halina kosa. Muda ulikuwa mfupi, milio haijaachana.

Viini vya hidrojeni ni vile vile. Bloch na Purcell, kila mmoja na wenzake kule Marekani, walitangaza mwaka 1946 kwamba wamevisikia. Ndani ya sumaku ya tesla 1 vinayumba kama pia, karibu mara milioni 42,6 kwa sekunde. Mwaka 1966 Ernst na Anderson walionyesha faida ya kuvipiga kwa pigo fupi la redio. Pigo la sekunde 1 gawanya kwa 100.000 linabeba mitetemo iliyotawanyika kwa upana wa karibu 100.000 kwa sekunde, basi linaamsha viini vyote mara moja, kama kiganja juu ya nyuzi zote. Kumbe kule kukosa uhakika ndiko kunakofanya kazi! Ernst alipata zawadi ya Nobel mwaka 1991.

Kisha wanasikiliza. Maji safi yanalia sekunde nzima na zaidi, mstari wake unatoka mwembamba. Barafu, hidrojeni ile ile, inanyamaza upesi sana, na mstari wake unakuwa mpana mara maelfu. Upana ule unatuambia mlio uliishi muda gani. Hiyo ni habari, si ujinga.

Ni kweli, nishati ni mtetemo mara namba ya Planck, kwa hiyo sheria hii inafanana na ya Heisenberg. Lakini yeye alianza na mahali na mwendo wa chembe; hapa "wakati" ni urefu wa mlio tu, na gitaa linaufuata bila Planck. Tena, mstari ukiwa peke yake na safi, katikati yake tunaweza kupapima kwa usahihi kuliko upana wake wote.