Nani Anapima, Nani Anaamini? Fikra Kutoka Meza ya Mafundi Nachingwea

Katika ukurasa huu tumezoea kujadili bajeti, katiba na mwenendo wa viongozi. Leo naomba tujadili chombo kinachoenea kiganjani: mita ya kupimia umeme. Sijachoshwa na siasa. Ninaamini kwamba swali la nani anapima, kwa chombo gani, na nani analazimika kuliamini jibu, ni swali la madaraka sawasawa na swali la nani anahesabu kura.

Kazi yangu ni kufundisha sayansi ya jamii, lakini burudani yangu tangu ujana ni kufungua na kutengeneza vifaa vya elektroniki. Likizo nyingi huzimalizia Nachingwea, ambako nina chumba kidogo chenye meza ya mninga, dirisha moja na rafu ya makopo ya skrubu. Vijana wa jirani huniletea redio, chaja na taa za sola. Wengine hufunga safari kutoka Ruangwa. Sitozi fedha. Sharti langu ni moja tu: mwenye kifaa akae, aangalie, na aandike namba kwa mkono wake.

Wanafunzi huniuliza waanze kununua nini. Hujibu kwamba waanze na mita moja nzuri, si tatu za bei ya chee. Mita nyingi za bei nafuu huandikwa kuwa zinapima hadi volti 1000, ilhali tundu la ampea 10 halina fyuzi, na hata maandishi madogo pembeni ya tundu hukiri hivyo. Ukiisahau waya katika tundu hilo kisha ukagusa umeme wa nyumbani wa volti 230, unakuwa umeunganisha njia mbili za umeme kwa kipande cha shaba kilicho mkononi mwako. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mita ina vipimo vingapi, uliza ina fyuzi gani, nyaya zake zina ngozi ya unene gani, na imewekwa katika daraja lipi la usalama.

Jambo la pili ni kujua mipaka ya usahihi. Mita ya kawaida inaweza kudai kosa lisilozidi nusu ya asilimia pamoja na tarakimu mbili za mwisho. Maana yake, ikisoma volti 12.60, ukweli unaweza kuwa juu au chini kwa takriban volti 0.08. Kwa betri ya risasi, ambayo ikijaa husoma karibu 12.7 na ikifika nusu husoma karibu 12.2, pengo hilo si dogo la kupuuzwa. Vilevile, mita nyingi rahisi hupima umeme wa mkondo geu kwa kudhani kwamba wimbi lake ni laini kama la gridi. Ukizielekeza kwenye wimbi la mraba, hutoa jibu lililozidi kwa takriban asilimia 11. Chombo hakikukusudia kudanganya; kimeulizwa swali ambalo hakikutengenezewa.

Mita ya mshale bado nimeitunza kando ya ile ya tarakimu, kwa sababu mshale huonyesha mtikisiko ambao tarakimu huuficha. Osiloskopu nilinunua baadaye sana, iliyokwisha kutumika, na ninaitumia mara chache. Kinachofanya kazi kila siku ni balbu ya kawaida niliyoiunga kwa mfuatano na kifaa kinachojaribiwa: kifaa kikiwa na hitilafu ya njia fupi, balbu huwaka kwa nguvu na kuumeza mkondo ambao ungeunguza kila kitu. Gharama yake haizidi bei ya balbu, soketi na waya.

Nieleze sasa kisa kilichonifanya niandike. Kijana mmoja, kinyozi katika kijiji cha wilaya ya Ruangwa, alifika na betri ya sola aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi miezi minne nyuma. Ubavuni iliandikwa ampea-saa 100. Mashine yake ya kunyolea ilizimika kabla ya jua kuzama, na wateja walikuwa wakiondoka na kichwa kilichonyolewa upande.

“Shikamoo, Mwalimu. Aliyeniuzia anasema nimeiua mwenyewe kwa kuchaji vibaya.”

“Marahaba, mwanangu. Tusibishane naye kwa maneno. Tuipime.”

Tuliichaji hadi ikajaa, tukaiacha ipumzike usiku mzima. Asubuhi ilisoma volti 12.7, namba nzuri kabisa, na hapo ndipo wengi hukomea na kumwambia mtu betri yake ni nzima. Lakini volti za betri iliyopumzika hazisemi ina hazina kiasi gani. Tukaiunganisha na balbu mbili za indiketa ya gari, kila moja ya wati 21, na mkondo ukawa wastani wa ampea 3.4. Kijana akaandika saa na volti kila nusu saa. Kwa maandishi yale ya ubavuni, ilipaswa kudumu karibu saa 29 kabla ya kushuka hadi volti 10.5. Ilidumu saa 11, yaani ampea-saa 37 hivi.

Hata hivyo, ushahidi huo ulikuwa na mwanya. Muuzaji angeweza kusema, na kwa haki, kwamba betri ikitumiwa vibaya kwa miezi minne hupoteza uwezo. Ndipo tukaibeba hadi duka la jirani linalouza mchele, tukaiweka juu ya mizani. Kilo 14. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 kwa kawaida hukaribia kilo 30, kwa kuwa uwezo huo hauji bila risasi ya kutosha ndani yake, na risasi haiyeyuki kwa kuchajiwa vibaya. Kipimo kilichomaliza ubishi hakikutoka katika meza yangu hata kidogo. Kijana alirudi kwa muuzaji na karatasi yake, na baada ya mabishano marefu akarejeshewa nusu ya fedha. Nusu nyingine bado anaidaiwa na kikundi chake.

Ninaona hapa jambo kubwa kuliko betri moja. Tunalo Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975. Tunao Wakala wa Vipimo. Tunayo Tume ya Ushindani. Sibezi kazi yao. Lakini mnunuzi wa betri moja kijijini hafiki kirahisi kwenye milango hiyo, na kabla hajafika anahitaji ushahidi, la sivyo ni neno lake dhidi ya neno la mwenye duka. Wakati huohuo, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Kijana akikopa fedha hizo akanunua kifaa kilichoandikwa uongo, deni litakuwa la kweli. Kisha tutaandika ripoti kwamba vijana hawarejeshi mikopo.

Nachingwea inaijua gharama ya kuamua bila kupima. Mwaka 1946 ujumbe wa Wakefield uliizunguka Afrika Mashariki kwa wiki 9 hivi, kisha ukapendekeza kilimo kikubwa cha karanga katika Kongwa, Urambo na huku kwetu Kusini. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikutii mpango, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya Uingereza kupoteza pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi hapa Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliolima ardhi hii kwa vizazi walikuwepo wakati wote. Hakuna aliyewapa nafasi ya kusema kipimo chao.

Watakuwepo watakaodai kwamba kuwapa watu wa mtaani vifaa ni kuzalisha wataalamu bandia. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kupima kwa njia ambayo mwingine anaweza kuirudia. Balbu mbili, saa na mizani ya duka: muuzaji aliweza kurudia jaribio lile mbele ya mashahidi wake mwenyewe, na hakutaka.

Pendekezo langu ni dogo. Ruangwa ina chuo cha VETA, na Nachingwea ina chuo cha ualimu. Kila kimoja kifungue meza ya vipimo Jumamosi moja kwa mwezi: mita mbili nzuri, balbu za gari, mizani, na daftari la wazi ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Wanafunzi wapime, wananchi waandike. Maofisa maendeleo ya jamii mnaosoma hapa, mnaosimamia mikopo ya vijana, nielezeni kizuizi ni nini. Nitachapisha majibu yenu kama yalivyo.