Maua Yasiyochumwa

Tulitoka Embu asubuhi kuelekea Meru, kwa barabara ipitayo Runyenjes na Chuka, ikishuka mabondeni na kupanda tena kandokando ya Mlima Kenya. Karibu na Runyenjes tulimzuru mwenyeji wetu, bibi mjane. Bustani yake haina safu wala mipaka: migomba, mahindi, kunde, na katikati marejea, mmea mwembamba wa maua ya manjano.

Sisi wa Pwani tumezoea asumini na kilua. Ua kwetu ni harufu. Tulipotaka kuyachuma haya, bibi alituzuia kwa upole: "Wanangu, hicho ni chakula cha udongo."

Shamba lake lilikuwa limechoka, na mbolea ya dukani ni ghali. Mvua za Oktoba zianzapo, hupanda marejea, na vifundo vya mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Yachanuapo maua, huikata mimea na kuifukia, kwani ikikomaa mashina huwa magumu, hayaozi upesi. Huacha michache tu, hadi maganda yakauke na kulia kama kayamba. Hiyo ndiyo mbegu ya msimu ujao.

Badala ya shada, alitufungia maganda hayo katika pembe ya leso. Yalilia njia nzima hadi Meru. Inshallah, mvua za masika zikifika tutayapanda katika viwanja vyetu vilivyochoka. Kupanda si kazi. Tujiulize, akina mama wenzetu, kama tutakuwa na moyo wa kuyafukia yangali mazuri.